Jina Chini ya Kiraka

Tatu Mbaruku alifika Doha mwaka 2005 kufanya kazi za ndani. Katika nyumba nzima ya waajiri wake, kule Umm Salal, chumba alichopenda kukisafisha kilikuwa majlisi, ule ukumbi ambamo mzee wa nyumba alipokea wageni wake. Asubuhi ukumbi ulikuwa mtupu. Kokwa za tende zilikuwa kwenye visahani, vikombe vya kahawa vimeachwa hapa na pale, na ukutani, juu ya mahali alipokaa mzee, kulikuwa na kipande cha khati, maandishi ya Kiarabu yaliyoandikwa kwa ufundi, ndani ya fremu nyeusi. Juu kilikuwa na mstari mmoja wa herufi kubwa, nene. Chini yake ilifuata mistari midogo ya hadithi ya Mtume inayowasifu watu wenye huruma. Mwisho kabisa, pembeni kushoto, palikuwa na sahihi.

Tatu alikuwa mtu wa Pangani. Kurani aliisoma chuoni akiwa mdogo, kwa hiyo herufi alizijua, ila maana ilimpita. Kiarabu cha kuzungumza alikiokota jikoni, hapo hapo Umm Salal, kati ya sufuria na simu za mama mwenye nyumba. Utotoni alikuwa mmoja wa wale watoto wanaochosha watu kwa maswali, na swali lake lilikuwa moja: nani kafanya? Mlango huu kauchonga nani? Mkeka huu kausuka nani? Wakubwa walimjibu, "Mafundi." Jibu hilo lilimkera. Kila fundi alikuwa na jina, na kuna mama aliyempa.

Kwa hiyo haikupita muda akamuuliza mama mwenye nyumba, aliyeitwa Umm Ghanim.

"Mama, hiki kaandika nani?"

"Sayyid Abdulbaqi wa Istanbul," alijibu Umm Ghanim. "Mwalimu mkubwa wa zamani. Wala usikipitishie kitambaa chenye maji."

Mumewe, Abu Ghanim, alikipenda kipande hicho kuliko vitu vyake vyote, na alikuwa na vitu vingi: misahafu, vitabu vya zamani, karatasi alizonunua Kairo na Damasko tangu ujana wake. Mgeni mpya akifika, mzee alimshika mkono, akampeleka mpaka ukutani na kumwonyesha ile sahihi kwa kidole bila kuigusa. Tatu alimwona akifanya hivyo mara nyingi, naye akajifunza kuisoma: *Katabahu Abdulbaqi.* Ameandika Abdulbaqi.

Mwaka 2009 Abu Ghanim akafariki. Eda ilipokwisha, mjane aliamua kwamba vitu vya marehemu visiozee masandukuni. Walikuwa na nyumba nyingine Abu Hamour, ya ghorofa moja, iliyokuwa ikipangishwa. Akaitengeneza, akaweka rafu na viyoyozi, akaajiri mlinzi, kisha akamleta mtaalamu wa kuhifadhi maandishi ya kale, Dokta Suad, mwanamke wa Baghdadi aliyekuwa amezunguka nchi nyingi na aliyemwita kila mtu "jicho langu", hata dereva wa teksi.

Dokta Suad aliomba msaidizi wa kufuta vumbi. Umm Ghanim akampeleka Tatu.

Siku ya kwanza Dokta alimpa brashi laini na kitabu kilicholiwa na mchwa, akasimama kumtazama. Tatu alifuta ukurasa kutoka mgongoni kwenda ukingoni, taratibu, kama anayempapasa mtoto mchanga mgongo. Kisha akauliza, "Kaandika nani?"

"Hajulikani," Dokta akasema.

"Na hiki?"

"Naye hajulikani. Wengi hawakuandika majina yao. Wengine waliandika, karatasi ya mwisho ikachanika. Kazi yetu nusu yake ni kutengeneza na nusu yake ni kuuliza unavyouliza wewe. Umeolewa?"

"Niliachika, Dokta."

"Basi unaweza kuchelewa kazini. Kaa."

Hivyo ndivyo Tatu alivyoacha kazi ya ndani. Mwaka wa kwanza alifuta vumbi tu. Baadaye alifundishwa kupika gundi ya unga wa ngano, nyepesi kama uji wa mgonjwa, na kuziba matundu kwa karatasi nyembamba za Kijapani. Alijifunza kwamba mabingwa wa khati waliipaka karatasi ute wa yai na kuisugua mpaka iteleze, ili ukikosea uweze kulikwangua kosa. Alijifunza kwamba wino wao ulikuwa masizi ya taa, na kalamu yao tete lililochongwa kwa kisu. Aliharibu ukingo wa ukurasa mmoja kwa kuulowesha kupita kiasi, akalia, na Dokta akampa ukurasa mwingine.

Mlinzi wa nyumba hiyo alikuwa Mkenya, Millicent Nyanchama, mtu wa Kisii. Ijumaa, siku yake ya mapumziko, alikwenda kanisani Mesaimeer, na siku nyingine alikaa mlangoni na kitabu chake cha kusainisha wageni ambao hawakuja. Alasiri Tatu alimpelekea chai ya karaki, ile ya maziwa mazito na iliki, wakakaa pamoja barazani. Millicent hakusoma herufi hata moja ya Kiarabu, lakini alipenda kuelezwa.

"Yaani nyinyi mnashinda hapo ndani mnatafuta mtu alishakufa," alimwambia Tatu. "Na mkimpata mtamwambia nini?"

"Hatutamwambia kitu. Tutajua tu."

"Sawa. Hata mimi ningetaka kujua."

Kile kipande cha khati hakikuhamishiwa Abu Hamour. Umm Ghanim alikiacha ukutani mwa majlisi, ingawa majlisi ilikuwa haina tena wageni. Kisha, kiangazi cha 2012, bomba la kiyoyozi likavuja ndani ya ukuta. Mama aliingia asubuhi moja akakuta doa la rangi ya chai limepanda kutoka ukingo wa chini wa karatasi. Hakumwachia dereva akibebe. Alikuja nacho mwenyewe, amekipakata kitini nyuma kama mtu anayepeleka mtoto hospitali.

"Kitapona?" aliuliza.

"Doa litapungua," Dokta alisema. "Lakini lazima nikitoe ndani ya fremu."

"Kitoe. Abdulbaqi amestahimili mambo makubwa kuliko kiyoyozi."

Walikifungua siku iliyofuata. Fremu iling'oka kwa shida, kisha kadi ya nyuma, kisha karatasi yenyewe ikalala mezani, ndogo kuliko ilivyoonekana ukutani. Dokta aliiweka juu ya meza ya kioo yenye mwanga chini yake, ili aone karatasi ilipokuwa nyembamba. Maji yalikuwa yamelegeza sehemu fulani. Karatasi yote ilipitisha mwanga kwa rangi ya asali, isipokuwa mahali pamoja. Pale palipokuwa na sahihi palionekana kivuli cha mstatili, kimenyooka pande zote, ukubwa wa kidole gumba.

Dokta Suad aliinama kutazama karibu zaidi.

"Ni kiraka," Tatu akasema. "Palitoboka, mtu akapaziba. Kama tunavyoziba sisi."

"Huenda. Lakini ukiziba tundu, unaziba kwa karatasi tupu. Hiki kimekuja na maandishi yake." Akampa kioo cha kukuzia. "Tazama wino wa mistari hii, halafu utazame wino wa sahihi."

Tatu akatazama. Wino wa hadithi ulikuwa mweusi wenye kuelekea kahawia. Wino wa sahihi ulikuwa mweusi wa kaa la moto lililozimwa, na mkia wa herufi ya mwisho ulikatika ghafla ukingoni mwa kiraka, kana kwamba uliendelea mahali pengine.

"Labda aliandika sahihi siku nyingine, kwa wino mwingine," alisema Tatu. Hakutaka kuiacha hoja yake. "Akaikosea, akabandika."

"Labda," Dokta akasema, na akaonekana anaipima kweli hoja hiyo. "Lakini mkia uliokatika haunipi raha. Mtu aliyejiandikia jina lake hawezi kujikata mkia. Mimi nadhani sahihi hii imekatwa kutoka kazi nyingine ya Abdulbaqi, ikabandikwa hapa na mtu aliyetaka kipande hiki kipate jina kubwa. Wauzaji wa zamani walifanya hivyo. Tukitaka kujua, lazima tukinyanyue kiraka. Na hilo si letu kuamua."

Umm Ghanim alielezwa wiki ile ile. Alisimama mbele ya meza ya mwanga, kitambaa chake cheusi amekishika kidevuni, akakitazama kile kivuli muda mrefu.

"Kisafisheni doa," alisema mwishowe. "Mengine yaacheni."

Doa likasafishwa. Karatasi ikakauka baina ya karatasi za kufyonza maji na ubao mzito, ikarudi bapa. Ilikuwa tayari kurudishwa kwenye fremu, lakini Dokta hakuharakisha, na Tatu naye hakukumbusha. Kila asubuhi aliifungua droo iliyohifadhi kile kipande, akakitazama na kuifunga. Alianza kukiota. Chini ya kile kiraka palikuwa na kitu: ama tundu tupu, na yeye Tatu yuko sahihi, ama mtu. Kutojua kulimwasha kama upupu.

Ijumaa moja alipanda gari la kampuni ya jirani mpaka Umm Salal kumsalimia mama, kama alivyofanya mara kwa mara. Alimkuta uani akipogoa mrehani. Waliongea habari za nyumbani, za mdogo wake Tatu, Shani, aliyekuwa amejifungua huko Pangani. Kisha Umm Ghanim akauliza bila kugeuka:

"Wewe ungekifungua?"

Tatu alifikiri. "Ningekifungua, mama. Ila ningeogopa."

"Waogopa nini? Hakikuwa cha mumeo."

"Ningeogopa kukuta si kitu."

Mama akakata tawi, akaliweka kapuni. "Mimi sijali kukuta si kitu. Nawajali wale waliokuwa wakija hapa kunywa kahawa yake. Wamesimama mbele ya ukuta ule miaka yote, amewashika mikono. Sasa niwaambie alidanganywa sokoni kama mvulana?"

Tatu alimkumbuka mzee akinyoosha kidole bila kugusa. "Mama, nikuulize kitu kimoja. Alipokinunua, alianza kupenda nini? Jina au maandishi?"

Umm Ghanim alifikiri, na uso wake ukalegea. "Tulikuwa Damasko, ndiyo kwanza tumeoana. Alikiona kutoka upande wa pili wa barabara. Kutoka pale huwezi kusoma sahihi. Alivuka barabara bila kutazama magari, nikampigia kelele." Akazipangusa kucha zake udongo. "Mwambie Suad afungue. Mimi nitakuwapo."

Siku ya kufungua, Dokta aliweka juu ya kiraka kitambaa chenye unyevu kidogo sana, na juu yake kipande cha kioo, wakangoja. Umm Ghanim alikaa kitini na tasbihi. Millicent alisimama mlangoni. Aliruhusiwa kwa kuwa aliomba kwa adabu. Gundi ya zamani ilipolainika, Dokta aliingiza kisu bapa cha mfupa pembeni, akakisogeza unene wa unywele, akaacha, akalowesha tena. Kiraka kilipotoka, kilitoka kizima, na Tatu akakipokea kwenye karatasi safi.

Hapakuwa na tundu. Karatasi ya chini ilikuwa nzima, ila imekwanguliwa. Uso wake wa kung'aa ulikuwa umeparuliwa kwa kisu, umekuwa mkavu kama ngozi yenye ukurutu. Kwa macho matupu yalionekana mavumbi meusi tu, hapa nukta, pale mkunjo.

"Alikuwapo mtu," Umm Ghanim akasema polepole.

Dokta alizima taa za chumba, akawasha taa ndogo ya zambarau. Chini ya mwanga ule karatasi ya zamani hung'aa kidogo, na wino wa masizi, hata ukibaki chembe, hukaa mweusi. Herufi zikaanza kujitokeza kama nyayo kwenye unga. Neno la mwisho kabisa lilikuwa wazi kuliko yote: *Abdulbaqi.* Kabla yake yalikuwapo maneno mawili: *min talamidhi,* katika wanafunzi wa.

"Mwanafunzi wake," Dokta akasema. "Jina lenyewe limekwanguliwa zaidi. Naona mwisho wake, herufi mbili: ya, halafu he. Na hili la mwanzo ni *katabahu,* ameandika."

Tatu aliinama mpaka pua ikakaribia karatasi. Aliisoma herufi moja moja kama alivyofundishwa chuoni, kwa sababu hakujua njia nyingine. "Kafu. Te. Be. Halafu hapa, Dokta, si he bado. Kuna jino jingine, limesimama kama lile la be."

"Liko wapi?"

"Hapa kati. Na juu yake nukta."

Dokta alichukua kioo cha kukuzia, akatazama, akageuza taa upande wa pili, akatazama tena. "Nukta moja naiona. Ya pili inaweza kuwa uchafu. Jino lipo. Nami ningelipita kwa mazoea. Neno hili nimelisoma maelfu ya mara na sijawahi kulisoma hivi." Alinyanyuka, akamgeukia Umm Ghanim. "Likiwa ni jino kweli, lenye nukta mbili za te, neno si *katabahu.* Ni *katabat-hu.*"

Umm Ghanim akazuia tasbihi. Millicent, mlangoni, akamtazama Tatu amfafanulie, na Tatu akamnong'oneza kwamba watazungumza baadaye.

Alasiri, barazani, alijaribu.

"Katabahu maana yake ameandika. Katabat-hu maana yake ameandika."

Millicent akacheka. "Sasa si ni kitu kimoja?"

"Kwetu ni kitu kimoja. Kiswahili kikisema ameandika, hujui ni mwanamume au mwanamke. Kiarabu kinakwambia. Hiyo ya pili ni mwanamke."

Millicent aliweka kikombe chini. "Kwa hivyo ni mama aliandika, halafu mtu akamfuta, akamwekea jina la mwalimu."

"Kama jino ni jino."

"Na kama si jino?"

"Basi ni uchafu, na mimi nimesoma uchafu."

Hilo ndilo lililofuata kumshughulisha Tatu kwa karibu mwaka mzima. Dokta Suad alisema jino moja halitoshi kumtoa mtu kaburini. Aliwaandikia wenzake wa Istanbul na kwingineko akiomba picha za kazi za wanafunzi wa Abdulbaqi, wa kiume na wa kike, wowote wenye sahihi safi. Picha zikaja moja moja kwenye kompyuta. Tatu alizichapisha, akaweka juu yake karatasi angavu, akafuatisha herufi kwa kalamu nyembamba, kisha akazilinganisha na kipande chao. Mabingwa walipima kila herufi kwa nukta za kalamu yao wenyewe. Alifu iwe na urefu wa nukta kadhaa, tumbo la nuni liwe na upana wa nukta kadhaa. Tatu alipima mpaka akiona mkate wa duka anauhesabia nukta.

Siku moja aliingia kwa Dokta mbio. Alikuwa amempata. Alikuwa mwanafunzi mmoja ambaye alifu zake, nuni zake, lamu zake, zote zililingana na za kipande chao bila hata unywele kuzidi.

Dokta alizitazama karatasi zote. Hakumkatiza. Kisha akafungua picha ya mwanafunzi mwingine, na mwingine, akaweka karatasi angavu ya Tatu juu ya kila moja. Zote zililingana.

"Umempata Abdulbaqi," alimwambia. "Hizi ni alifu zake yeye, amewapa wote. Mwanafunzi mwema humfuata mwalimu katika kila jambo analofundishwa. Usimtafute huko. Mtafute katika yale ambayo mwalimu hakuyafundisha kwa sababu hakuyaona: anachovya wino wapi, ananyanyua kalamu wapi, anafanya nini mstari ukimjia mfupi mwishoni."

Tatu alirudi mezani amefadhaika. Kazi ya miezi ilikuwa imekwenda na maji. Siku mbili tatu hakugusa chochote ila kupika gundi. Kisha akakitoa tena kile kipande na kukitazama kwa macho mengine, na kwa mara ya kwanza akaacha kutazama herufi zilizo nzuri. Akatafuta pale wino ulipofifia na kunona tena. Mwandishi huyu hakuchovya kalamu mwisho wa neno kama wengine. Alichovya katikati, kabla ya waw, ile herufi yenye kichwa cha mviringo, kila mara, kana kwamba hakuiamini kalamu yake kuzunguka kichwa cha waw ikiwa imekauka. Kwa hiyo kila waw ilikuwa nyeusi kuliko jirani zake, na tundu lake lilikuwa dogo, karibu kuzibika.

Akamwonyesha Dokta. Dokta akasema, "Hilo ni la mtu mmoja." Na wakaanza upya.

Picha iliyowafaa ilifika majira ya baridi, kutoka kwa mwalimu mmoja wa Istanbul. Ilikuwa ijaza, karatasi ambayo mwanafunzi anaandika kazi yake ya kuhitimu, na chini yake mwalimu anaandika kwamba anamruhusu kutia sahihi kuanzia siku hiyo. Mwanafunzi alikuwa binti wa mwadhini, jina lake Zakiya. Mwalimu alikuwa Abdulbaqi. Jina Zakiya, kwa herufi zake, linaishia ya na he. Na kila waw katika ijaza ile ilikuwa nyeusi, na tundu limebanwa.

Dokta alimwita Tatu asogee kwenye skrini. Walizitazama waw zote, moja moja.

"Ndiye?" Tatu akauliza hatimaye.

"Nadhani ndiye. Katika kazi yetu, jicho langu, 'nadhani' ni neno zito. Sitaandika 'ni'. Nitaandika 'yaelekea ni'."

"Kwa nini walimfuta?"

"Hatujui kama waliomfuta walijali kwamba ni mwanamke. Jina la mwanafunzi halikuuza, la mwalimu liliuza. Labda ni hilo tu. Labda si hilo. Usimpe mwizi sababu asiyokupa mwenyewe."

Mwaka 2014 Umm Ghanim alifungua nyumba ya Abu Hamour kwa wageni kwa mara ya kwanza. Kile kipande kiliwekwa chumba cha mbele bila kiraka, sehemu iliyokwanguliwa ikiwa wazi, na kiraka chenyewe kikawekwa kando yake ndani ya kioo, pamoja na picha ya ile taa ya zambarau. Kibandiko kilisema: *Yaelekea ni kazi ya Zakiya, mwanafunzi wa Abdulbaqi.* Tatu alikuwa amevaa abaya mpya, amesimama ukutani, kwa kuwa Dokta alimtaka awepo kujibu maswali ya jinsi kiraka kilivyotolewa.

Wazee waliokuwa wakinywa kahawa Umm Salal walikuja. Mmoja wao, rafiki wa zamani wa marehemu, alisoma kibandiko mara mbili, akamwendea mjane.

"Kwa hiyo Abu Ghanim alidanganywa, Mungu amrehemu," alisema kwa huzuni ya kweli.

"Alidanganywa jina," Umm Ghanim akajibu. "Macho yake hayakudanganywa. Alivuka barabara kwa ajili ya mwanamke huyu, na mimi nikiwa kando. Leo ndiyo nimejua."

Mzee alicheka, akarudi kutazama tena, na safari hii alitazama mistari kwa muda kabla ya kuinama kwenye sahihi. Baada yake walikuja mabinti wa shule na mwalimu wao. Mmoja alimuuliza Tatu jino liko wapi. Tatu akamwonyesha. Binti hakuliona. Tatu akamwambia ainame zaidi, naye akaliona, akawaita wenzake, wakapanga foleni.

Tatu aliendelea na kazi hiyo. Watu wa Pangani walimuuliza kwenye simu anafanya nini hasa huko Uarabuni, akawaambia anatengeneza vitabu, wakaridhika. Alikwenda likizo, akamwona mtoto wa Shani, akarudi. Millicent alihamia hoteli moja mjini, lakini kila alipompigia alianza na swali lile lile: "Huyo mama wenu, kuna habari zake?" Kwa muda mrefu hapakuwa na habari.

Zikaja mwaka 2016. Mtu wa Kairo aliyekuwa amesoma makala ya Dokta Suad alituma picha ya ukurasa wa dua aliourithi kwa bibi yake. Karatasi ilikuwa imeliwa na wadudu pembeni, lakini sahihi haikuguswa. Dokta aliifungua Tatu akiwa anakunja karatasi za kufyonza maji, akamwita kwa mkono tu.

Jino lilikuwapo. Juu yake nukta mbili, nyeusi, zimekaa pamoja kama mbegu za boga. *Katabat-hu Zakiya.* Waw zake zilikuwa nzito, matundu yamebanwa. Tatu alivuta kiti lakini hakukikalia.

"Sasa tunaweza kuandika 'ni'?" aliuliza.

"Tunaweza kuikaribia 'ni'. Lakini endelea kusoma. Kuna neno baada ya jina."

Tatu akasoma herufi moja moja. Lilikuwa neno la mahali. Si Istanbul. Ilimchukua muda kuamini, akalisoma tena kwa sauti: mkazi wa Madina.

"Binti wa mwadhini wa Istanbul," alisema. "Alifikaje Madina? Na nani? Alikuwa anafundisha huko?"

"Sijui," Dokta Suad akasema, akivuta droo ya karatasi angavu. "Kaa, tuanze na waw."